Bishoo na Koti la Bizari

Mimi nimeolewa na bishoo. Nalisema mapema ili anayetaka kunihurumia anihurumie sasa, kisha tuendelee. Kuna wanawake walioolewa na walevi, wapo walioolewa na wenye mkono wa birika, na tupo sisi ambao mume akisimama mbele ya kioo cha kabati asubuhi, wewe mwenye nyumba unakwenda kuchania nywele jikoni kwenye kifuniko cha sufuria. Yeye ni mtu wa Tanga, mimi mzaliwa wa Ilala, na tumeishi Guangzhou muda mrefu kiasi kwamba mama muuza mboga wa mtaani kwetu ananuna nisipomsalimia.

Kazi yetu ni kuwatembeza wateja wanaokuja kutoka nyumbani kununua nguo za jumla. Katika kazi hiyo sheria ya kwanza kila mtu anaijua: ukienda kununua, vaa kama mtu anayekwenda kusafisha banda la kuku. Muuzaji wa masoko ya Guangyuan Xilu hakutazami usoni. Anatazama viatu, kisha anabonyeza kalkuleta, na bei inayotokea pale imetoka kwenye viatu vyako. Kwa hiyo sisi sote, wenye nazo na wasio nazo, tunapanda zile ghorofa na makubazi na fulana zilizopauka. Nimemwona mama mwenye maduka Kariakoo akipatana bei na yeboyebo miguuni, moja nyekundu, nyingine kijani. Ndivyo kazi inavyotaka.

Mume wangu haitaki sheria hiyo. Yeye huenda sokoni na suti ya vipande vitatu, kiatu chenye ncha, tai yenye fundo nene, na kwenye mfuko wa kifuani leso ya hariri iliyokunjwa ikachomoza pembe mbili. Leso hiyo ni ya kutazamwa tu. Ya kufutia jasho iko mfuko wa suruali, na ole wake atakayezichanganya. Joto la Guangzhou wakati wa kiangazi linamtoa mtu ulimi, wapagazi wamevua mashati, yeye anapita katikati ya marobota na kifungo cha koti kimefungwa. Wenzetu wakimwonea huruma anawajibu, "Ng'ombe haelemewi na nunduye," huku akijipepea na kipande cha boksi. Nikimwambia anatupandishia bei, ananijibu kizuri chajiuza. Siku moja nilichoka, nikamwambia basi kijiuze peke yake, kisiongozane na mimi.

Ndipo tulipopata utaratibu wetu. Mimi natangulia na mteja, baibui langu limefifia mpaka limekuwa la kijivu, na yeye anakuja nyuma kama hatujuani. Akiingia dukani, wauzaji wanamdhani ni bosi wa mabosi. "Laoban! Laoban!" Anavutiwa kigoda, anamiminiwa chai, mwenye duka anakwenda kukaa naye, na mimi nabaki na msaidizi, ambaye anataka kwenda kula chakula chake cha mchana na hana moyo wa kubishana. Bei nilizozipata kwa njia hiyo nisingezipata hata kwa machozi. Sikuwahi kumwambia hivyo, maana angenunua suti nyingine.

Mtu pekee aliyemwelewa tangu mwanzo ni rafiki yake mmoja, Mkongo wa Lubumbashi anayesafirisha mizigo ya watu. Sisi tulimwita Papa, na hata binti yetu tangu mdogo alimwita hivyo. Papa ni mrefu, ana ndevu za mvi na sauti nzito, Mkristo anayeimba kwaya, na ukimwona tu unataka kumpisha kiti. Siku za Jumapili akitoka kanisani hupita kwetu, wanakaa wawili hao wakikaguana viatu na kusifiana soksi, na mimi napeleka chai kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Kati ya suti zote za mume wangu lipo koti moja analolipenda, naamini, karibu sawa na mimi. Ni la rangi ya bizari. Si manjano ya kistaarabu, ni bizari hasa, kama vidole vya mpishi wa mchuzi wa samaki. Nilipoliona mara ya kwanza nilimwuliza kama ana ugomvi na fundi aliyelishona. Akacheka, akatoka nalo siku hiyo hiyo.

Koti hilo lilipata heshima yake mapema. Binti yetu, ambaye ndiye mtoto wetu wa pekee, alikuwa na miaka sita tulipokwenda naye sokoni Jumamosi moja. Mimi nilidhani ameshika mkono wa baba yake, baba yake alidhani ameshika baibui langu. Tulipogeuka, hayupo. Anayelijua jengo lile ataelewa: ghorofa juu ya ghorofa, vichochoro vya maduka yanayofanana, watu kama siafu, wapagazi wanavuta matoroli na kukupigia kelele upishe njia. Nililia kwa sauti mpaka wauzaji wakaacha kuuza. Mume wangu hakulia. Alipanda juu ya robota la jinzi katikati ya njia, na koti lake la bizari, akasimama wima. "Ataniona," aliniambia. "Wewe lia, lakini mimi ataniona."

Kumbe mtoto, ambaye Kichina alikisema kuliko Kiswahili, alikuwa ameshaingia duka la kwanza akasema anamtafuta baba mwenye koti la manjano. Nani asiyemjua? Muuza soksi akampeleka kwa muuza mikanda, muuza mikanda akamkabidhi kwa muuza sidiria, na mwisho akaja amekaa juu ya toroli la mpagazi, juu ya marobota, anamung'unya pipi ya mtu, kidole amekinyoosha mbele. "Nimemwona! Nimemwona Baba!" Mimi mama yake, niliyekuwa palepale chini nalia, na baibui langu lililofifia kati ya watu, hakuniona. Nilimsamehe, lakini polepole.

Mtoto huyo sasa amemaliza chuo huku huku, na akapata mchumba, kijana wa Unguja, mpole, mwenye macho ya aibu. Posa ilipelekwa Tanga kwa kaka mkubwa wa mume wangu, kama inavyotakiwa, ikapokelewa vizuri. Ndoa ikapangwa ifungwe Guangzhou, kwa kuwa watoto wote wawili wako huku na baba wa kijana alikuwa anakuja kununua bidhaa. Salamu zote zilipitia kwa shemeji yangu Tanga, hivyo sisi na mkwe mwenzetu huyo hatukuwahi kuonana.

Sifa zake lakini zilimtangulia. Mtu wa dini na msimamo, kanzu nyeupe na kofia mwaka mzima, na alishavunja uchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu baba wa msichana alitokea na mkufu wa dhahabu kifuani. Binti yangu aliposikia habari ya mkufu, raha yote ilimtoka. Alinikuta nachambua mchele, akakaa, akaanza kuchambua na yeye, anatupa mchele na kuacha mawe.

"Mama."

"Sema."

"Baba atavaa nini?"

Nikaelewa. Niliweka ungo chini.

"Akija na lile koti, baba mkwe atasema nimetoka kwa watu wa mchezo," alisema. "Ataondoka na mwanawe, na mwanawe hawezi kumpinga. Mama, mimi nampenda. Mwambie Baba, siku moja tu, avae kanzu kama watu. Mimi siwezi kumwambia."

"Na mimi ninaweza?"

"Wewe mbona unamwambia kila siku."

Ni kweli nilikuwa namwambia kila siku, lakini ule ulikuwa utani wa nyumbani, na wote wawili tulijua kwamba hautasikilizwa. Safari hii nilingoja mpaka anapiga pasi, maana akiwa na pasi mkononi huwa mpole. Nikamweleza yote, mkufu na uchumba uliovunjika na mchele. Alimaliza kwanza kupiga pasi mkono mmoja wa shati.

"Kwa ajili yake nitavaa hata gunia," alisema.

Nikashusha pumzi.

"Ila aseme gunia la rangi gani."

Tulicheka, lakini baadaye nilimwona akilitia lile koti kwenye mfuko wake wa suti, anavuta zipu taratibu kama anamfunika mtoto aliyelala, na roho iliniuma. Nilimpenda sana wakati ule. Ningeweza kumwambia, lakini ana kichwa kikubwa tayari.

Wenzetu wa Guangzhou nao hawakutaka kuachwa nyuma. Harusi bila sare kwetu sisi si harusi, ni mkutano. Wanaume wakaagiza kanzu za aina moja kwa fundi mmoja, nyeupe, darizi ile ile shingoni, pamoja na kofia za aina moja. Waislamu walivaa, Wakristo walivaa. Hata Papa alizitundika suti zake siku hiyo akavaa kanzu, na ilimkaa vizuri kuliko wote, mpaka mume wangu akamwonea wivu kidogo.

Shughuli ilikuwa ghorofa ya juu ya mgahawa wa Waislamu wa Kichina, wale wanaopika tambi kwa nyama ya kondoo. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, na katikati tulitundika pazia la kitambaa cha jinzi alichotuletea mteja wetu mmoja kutoka viwanda vya jinzi vya Xintang, kizito kama mlango. Kwa desturi baba wa bibi harusi husimama mlangoni apokee wageni. Mume wangu alisimama pale kidogo. Akaitazama kanzu yake, akazitazama za wengine, akaona haya. Mtu aliyezoea kutazamwa, ukimvua koti umemwacha uchi. Akamwomba Papa ampokelee wageni, na yeye akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na viatu. Hayo alinieleza baadaye. Wakati ule mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, nabandika pini kwenye mtandio wa binti yangu.

Baba mkwe alikuja moja kwa moja kutoka Foshan, alikokuwa akipakia vigae, watu wameshaswali alasiri na wanamngoja yeye. Mlangoni akapokewa na mzee mwenye ndevu za mvi, akakumbatiwa, akaambiwa karibu sana, hapa ni kwako. Ungekuwa wewe ungefikiri nini, kama si kwamba huyu ndiye baba wa bibi harusi? Alimshika mkono mzee huyo, wakaingia wote, akamketisha mbele, ubavuni mwa shehe, mahali pa walii, yule baba anayeozesha. Papa akaketi. Shehe mwenyewe alikuwa kijana wetu anayesoma mji mwingine, aliyekuja kwa treni kwa ajili ya ndoa ile tu, hakumjua mtu. Na wale waliomjua Papa waliona ni sawa, mgeni wa heshima amepewa kiti cha heshima.

Upande wetu tulikuwa tunasikiliza kwa spika. Shehe alisoma khutuba vizuri, mpaka dada mmoja akaanza kulia kabla ya wakati wake. Kisha tukasikia, "Walii, nipe mkono wako. Sema baada yangu: nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu."

Halafu sauti nzito ikaanza, kwa uangalifu, "Nimekuwa... kilisha..."

Binti yangu alinishika goti. "Mama, huyo si Baba. Huyo ni Papa."

"Tulia. Una wasiwasi tu."

"Mama, naozwa na Papa!"

Jamani! Bila idhini ya baba hakuna ndoa, na Papa, Mungu ampe maisha marefu, si baba yake wala si Mwislamu. Niliruka. Bibi harusi naye akaruka na maua yake mkononi, tukalisogeza pazia pembeni kidogo, tukachungulia. Nyeupe tupu. Kofia zile zile, mabega yale yale, safu nyuma ya safu. Mimi, niliyezaa na mtu huyo na kuzeeka naye, sikujua yuko wapi.

"Simwoni," alisema binti yangu. "Mama, simwoni Baba." Ilikuwa sauti ya mtoto aliyepotea.

Nikatoa kichwa nje ya pazia. Aibu niliiacha upande wa wanawake. "Shehe, ishia hapo hapo! Huyo siye!"

Ukumbi mzima uligeuka. Papa aliuachia mkono wa shehe kama ameshika pasi ya moto. "Mama, pardon," akasema, "balinikamata mukono, bakanikalisha. Niliona ni heshima. Heshima, mutu anaikataa namna gani?"

Baba mkwe alikuwa ameshasimama. "Huyu siye? Sasa walii yu wapi?"

Kule nyuma, kati ya makubazi na raba, mkono mmoja ulinyanyuka, nusu tu, kama wa mwanafunzi asiye na hakika na jibu lake.

"Mbona umekaa na viatu, bwana?"

"Niliambiwa nisionekane," mume wangu akajibu.

Watu walicheka. Binti yangu hakucheka. Yule mzee aliyemwogopa kwa wiki nzima alikuwa amesimama mbele yetu amekunja uso, na neno moja lake lingetosha kuvunja kila kitu. Nilimshika mkono nimrudishe kwenye kiti. Hakurudi. Bibi harusi wa watu, ambaye siku hiyo sauti yake haitakiwi kusikika, akasema kwa nguvu, "Baba, kavae koti lako."

Nikamkanyaga mguu.

"Kavae koti lako, Baba. Nisipokuona sitajibu chochote."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua baba mkwe alikuwa anamtazama mume wangu. "Koti gani? Unalo hapa?"

Hapo ndipo tulipoaibika mara ya pili, kwa sababu alikuwa nalo. Alikuja nalo kwenye mfuko wake bila kuniambia, akaomba litundikwe jikoni kwenye msumari, kati ya pilipili kavu na masufuria ya supu ya kondoo. Alisema hakutaka likae peke yake nyumbani siku ya harusi. Mpishi akalitoa. Mume wangu akalivaa juu ya kanzu, akavuta mikono, akafunga kifungo, akaichomoza leso pembe mbili, hatua kwa hatua kama kawaida yake, na shehe na bwana harusi na ukumbi wote wakamngoja. Bishoo haharakishwi hata na ndoa ya mwanawe. Kisha akapita katikati ya safu mpaka mbele.

Baba mkwe alimtazama juu mpaka chini. Mimi nilikuwa nimeling'ang'ania pazia kwa mikono miwili. Yule mzee akaushika upindo wa koti, akaugeuza kuitazama bitana, kama mfanyabiashara yeyote anavyofanya dukani.

"Kwetu Unguja," alisema, "mtu haozeshi mwana na kanzu tupu. Ni kanzu na koti. Nilipomwona yule bwana kakaa mbele hana koti, nikasema moyoni hawa watu wametudharau. Nikanyamaza tu, nikadhani ndo mambo ya Uchina." Akauachia upindo. "Rangi ndo sijui tuifanyeje. Basi, rangi tumwachie Mungu. Kaa, bwana, tuozeshe."

Nilicheka mpaka pini za mtandio wangu zikafunguka. Kanzu na koti! Sisi watu wa Pwani, tumezaliwa tumeyakuta hayo, tumewaona babu zetu wakiozesha hivyo, na kwa hofu ya mkufu wa mtu mwingine tukamvua mzazi koti lake. Papa alihama akakaa pembeni, na yeye anacheka, mabega yanatikisika ndani ya kanzu.

Mume wangu akatoa mkono. "Nimekuwakilisha," akasema, "umwozeshe binti yangu." Akatia vidole kwenye mfuko wa kifuani, akaichomoa leso ya hariri, ile isiyoguswa, akapenga kamasi mbele ya watu wote. Sijawahi kuona jambo kama hilo tangu anioe.

Shehe akasogea kwenye pazia kumwuliza bibi harusi ridhaa yake. Akauliza mara ya kwanza. Binti yangu hakujibu. Alikuwa ameinama, jicho kwenye upenyo, anatafuta. Shehe akauliza tena, na wanawake wakaanza kuguna. Nikamfinya.

"Ngoja kidogo, Mama," akasema. Akanyoosha kidole kupitia upenyo, kuelekea ile bizari moja kati ya weupe wote ule. "Nimemwona."

Kisha akamgeukia shehe, akasema ameridhia.